Jumatano kwa Mwinjilisti

Ibada ilikuwa imekwisha na watu walikuwa bado nje ya kanisa wakipeana mikono, pale Yustina, mke wa Mwinjilisti Hezekia, alipoomba aseme neno moja. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu. Kitenge chake cha Jumapili kilikuwa kimefungwa upande, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeshinda kwenye moshi.

"Ndugu zangu," alisema, "mmekuwa mkituombea, Mungu awabariki. Mmeleta unga, mmeleta kuku. Leo naomba kitu kingine. Naomba mtu mmoja, alasiri moja tu kwa wiki, aje akae na mzee. Nataka kulala."

Mtu mmoja akasema wataendelea kumwombea. Mwingine akasema labda wamalize kwanza kuvuna alizeti, na wengine wakaitikia kwa vichwa, ingawa kila mtu pale Unyambwa alijua kwamba alizeti zikivunwa kuna kupura, na baada ya kupura kuna uwele, na kazi za shamba hazijawahi kumwambia mtu sasa pumzika.

"Mimi nitakuja Jumatano," alisema Mwalimu Loyce Mughwai, na alipojisikia akisema hivyo alishtuka mwenyewe.

Kama kulikuwa na mtu asiyekuwa na alasiri ya kugawa, ni yeye. Alikuwa mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi, na darasa la saba lilikuwa mikononi mwake. Mume wake, Michael, alifanya kazi ya reli Manyoni na alikuja nyumbani pale zamu ilipomruhusu, kwa hiyo watoto watatu, mifugo, shamba na mama mkwe mwenye kisukari vilimtazama yeye. Zaidi ya hayo alikuwa mzee wa kanisa, na jumuiya ilikuwa imemkabidhi huduma ya kutembelea wagonjwa. Huduma hiyo aliifanya kwa kuagiza salamu.

Lakini aliyeombewa alasiri hiyo alikuwa Hezekia. Nusu ya watu waliokuwa wamesimama pale, yeye ndiye aliyewafundisha kipaimara. Alitoka Iramba akiwa kijana, akapangiwa mtaa wa Unyambwa, akaoa hapo hapo na hakuondoka tena. Alikuwa mtu ambaye ukimwambia fulani anaumwa, hakuuliza anaumwa nini. Aliuliza nyumba iko upande gani. Loyce alikuwa msichana mdogo wakati mama yake alipolala kitandani na asiinuke tena. Mwanzoni watu walikuja wengi, kisha wakapungua, kama ilivyo kawaida ya watu. Mwinjilisti hakupungua. Aliegesha baiskeli yake ukutani, akaingia, akakaa. Siku nyingine hakusema kitu zaidi ya salamu na sala, akaondoka, na nyumba ikawa imepumua.

Hata hivyo, Jumatano ya kwanza Loyce hakwenda. Mitihani ya majaribio ya darasa la saba ilikuwa imeletwa na ilibidi isahihishwe. Jumatano ya pili mtoto wake wa mwisho alipata homa. Siku iliyofuata alikutana na Yustina bombani, akaanza kueleza, na Yustina akamkatiza kwa upole.

"Najua una kazi, mwalimu. Wala usijali."

Kama angelalamika, Loyce angejitetea. Neno lile la upole ndilo lililomkosesha raha.

Alikwenda kumwomba mwalimu mkuu, Mwalimu Gervas, ruhusa ya kutoka mapema siku za Jumatano. Gervas alikuwa mtu mwema, na Mkristo pia, lakini alivua miwani akamtazama kwa uchovu.

"Mwalimu, kanisa lina mchungaji, lina wazee, lina akina mama. Darasa la saba lina wewe."

"Nitawafundisha alfajiri, kabla ya usafi wa namba."

"Na nyumbani kwako?"

"Nitaamka mapema zaidi."

Gervas akavaa miwani yake. "Haya. Mungu akupe nguvu," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma.

Basi Jumatano ya tatu alikwenda. Ilikuwa msimu wa ule upepo wa Singida unaofagia vumbi kutoka kwenye mawe makubwa na kulimwaga ndani ya nyumba. Nyumba ya Mwinjilisti ilikuwa imezungushiwa ua wa minyaa, na geti lake la bati lilifungwa kwa waya kwa ndani. Yustina alifungua, akaufunga tena waya haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Yuko pale."

Hezekia alikuwa ameketi kivulini, kwenye kiti cha mbao, amevaa koti zito. Loyce alipiga goti kidogo. "Shikamoo baba."

Mzee alimtazama kwa tabasamu la adabu, kama mtu anayesalimiwa na mgeni sokoni, akajibu kwa maneno ambayo Loyce hakuyaelewa.

"Hasemi Kiswahili tena," alisema Yustina. "Kiswahili kilitangulia kuondoka. Kinyaturu kikafuata. Sasa amebaki na Kinyiramba chake cha utotoni, na mimi sikijui. Tangu tumeoana yeye ndiye aliyejifunza cha kwangu." Alisema hayo huku tayari anaketi kwenye mkeka nyuma ya mlango. "Maji yako pale kwenye ndoo. Usimfungulie geti, mwalimu, hata akilia." Kisha akajinyoosha bila hata kuvua kandambili, na kabla Loyce hajajibu, alikuwa amelala.

Loyce alivuta kigoda akaketi karibu na mzee. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Hezekia aliushika mkono wake na kuupigapiga taratibu, akizungumza. Loyce aliitikia "ndiyo baba", "kweli baba", akijisikia mjinga na pia akijisikia vizuri, kama mtu aliyefanya jambo lililo sawa.

Jua lilipoanza kuinama, mzee akaanza kuhangaika. Aliuachia mkono. Aliinuka akapapasa mifuko ya koti, akatazama jua, akatazama geti. Akasema neno, akalirudia. Kisha akaenda kwenye geti na kuanza kulivuta. Loyce alimshika mkono, naye akajitoa, si kwa ukali bali kwa haraka, kama mtu aliyeshikwa na mtoto wakati ana safari. Alipoona waya haufunguki, alimgeukia Loyce na kumwomba. Hakukuwa na shaka kwamba anaomba. Alikuwa amekutanisha viganja vyake. Loyce alijaribu kuimba wimbo wa kanisa, na mzee aliufuata kwa mguno mstari mmoja, kisha akarudi kwenye bati. Akajaribu kusali, na mzee akamtazama kama mtu anayemchelewesha. Mwishowe alilia, mtu mzima yule, akiwa ameegemeza paji la uso kwenye geti, na Loyce alisimama nyuma yake bila kujua aweke wapi mikono yake.

Yustina alipoamka uso wake ulikuwa umekunjuka. "Kila siku ni hivyo," alisema. "Jua likiinama tu. Wewe umekaa naye, nami nimelala. Asante mwanangu."

Wakati wa likizo Loyce aliwasindikiza mjini kwa daktari. Hakuwa daktari wa maneno mengi, lakini aliwasikiliza mpaka mwisho na hakuwadanganya. "Akili inayoondoka namna hii hairudi, mama. Dawa niliyonayo ni ya kumsaidia apate usingizi. Msibishane naye, na mumtunze asipotee."

Walipokuwa wanangoja usafiri wa kurudi, Yustina alimfuta mume wake vumbi usoni kwa upande wa khanga. "Amesema asipotee," alisema. "Si ameshapotea?"

Loyce alitafuta andiko la kumpa. Alikuwa anayajua mengi, na siku hiyo hakuna hata moja lililokuja.

Shule zilipofunguliwa aliletwa mwalimu mpya, binti wa Kiomboi, huko Iramba, aitwaye Belinda. Loyce alipomsikia akiongea na mama yake kwenye simu kwa Kinyiramba, alingoja amalize, akamwomba aje naye Jumatano. Belinda alikuwa na mambo yake mengi, lakini hakuweza kumkatalia mwalimu wa taaluma.

Alipomwamkia mzee kwa lugha yake, uso wa Hezekia ulifunguka kama dirisha. Alicheka. Alimwuliza ukoo wake, akamwuliza habari za watu ambao Belinda alisema lazima wamekufa kabla yeye hajazaliwa. Loyce aliona kwa mara ya kwanza mtu yule yule aliyemjua, akiongea kwa mkono na kwa nyusi. Kisha jua likaanza kuinama, naye akainuka na kupapasa koti.

"Anasema nini?" aliuliza Loyce.

Belinda alimsikiliza mzee mpaka mwisho. "Anasema kuna mgonjwa anamsubiri. Wamemwita tangu asubuhi, na yeye aliahidi kufika. Anauliza kwa nini tunamfungia."

"Mgonjwa gani?"

Belinda alimwuliza. Mzee alijibu kwa haraka, akionyesha upande wa mawe makubwa.

"Jina hajui. Anasema ni mama mwenye watoto wadogo. Anasema akichelewa atakuta wameshamfunika uso."

Yustina alikuwa ameamka na kusimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Aliweka mkono mdomoni. "Kumbe ndicho anacholilia," alisema. "Miezi yote hii mimi nilidhani ananitukana."

Usiku ule Loyce hakula vizuri. Alimpigia Michael simu kule Manyoni, akamweleza. Michael alisikiliza, akasema, "Si unajua kwamba hakuna mgonjwa?"

"Wagonjwa wapo tele."

"Yule wake hayupo, Loyce."

Lakini Loyce alikuwa ameshapata wazo. Ng'ambo ya mashine ya kukamua alizeti aliishi Maria, mjane aliyepigwa na kiharusi, ambaye jumuiya ilimhesabu kati ya wagonjwa wake na ambaye yeye Loyce hakuwa amemwona tangu Pasaka. Jumatano iliyofuata, jua lilipoinama na mzee akaenda kwenye geti, Loyce aliufungua waya.

"Mwambie twende," alimwambia Belinda. "Mwambie mgonjwa anatungoja."

Hezekia alitoka kwa mwendo ambao hakuna aliyejua kwamba bado anao. Hakutazama kushoto wala kulia. Watu walimwamkia njiani, wakabaki wamesimama wakimtazama. Kwa Maria alibisha hodi, akangoja aitikiwe, akainama mlangoni na kuingia. Hakuonyeshwa kigoda, alikitafuta mwenyewe, akakivuta karibu na kitanda, akauchukua mkono wa Maria, ule uliokufa. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akasali kwa Kinyiramba, sala ndefu, kwa sauti ile ile ya zamani iliyokuwa haina haraka. Maria hakujua hata neno moja la lugha ile. Machozi yalimtoka kwa jicho moja, lile ambalo bado lilikuwa linamtii.

"A-san-te, Mwinjilisti," alisema kwa ulimi mzito.

Walipotoka nje, Loyce alikuwa amejaa furaha. Alimshika mzee mkono mmoja, Belinda mwingine, na upepo ulikuwa umetulia. Aliona kwamba Mungu amewafungulia mlango: kila Jumatano watamtembeza, Jumatano moja nyumba moja, wagonjwa wataombewa, mzee atatulia, Yustina atalala. Alianza hata kufikiria ni nani atafuata baada ya Maria.

Kabla hawajafika kwenye mashine ya alizeti, Hezekia akasimama. Alitazama jua. Akaivuta mikono yake yote miwili na kuanza kupapasa mifuko ya koti.

Loyce alimtazama Belinda.

"Anasema kuna mgonjwa anamsubiri," alisema Belinda.

Walijaribu tena wiki zilizofuata. Siku moja mzee aligoma mlangoni kwa Maria, akasema siye huyu. Siku nyingine aliingia, akauona ule mdomo uliopinda, akapiga kelele za hofu, na Maria akageuza uso wake ukutani. Baada ya hapo hawakumpeleka tena. Loyce akarudi kukaa naye ndani ya ua, kwenye geti lililofungwa, akimsikia akisema maneno ambayo sasa aliyajua maana yake. Alikuwa amefikiri kuelewa kutasaidia. Zamani alipokuwa haelewi, angalau aliweza kujiambia ni kelele za ugonjwa.

Mtihani wa taifa ulipokaribia, wathibiti ubora walikuja shuleni bila taarifa, na siku waliyochagua ilikuwa Jumatano. Walitaka kuona maandalio ya masomo, walitaka kukaa nyuma ya darasa, walitaka kuzungumza na mwalimu wa taaluma. Loyce alimpigia Yustina mara kadhaa. Simu yake haikupatikana. Alijisemea kwamba akimaliza kidogo atakimbia. Kila alipotaka kuinuka, mmoja wao alikuwa na swali jingine. Gervas alikuwa amemkazia macho, na Belinda alikuwa amefungiwa ofisini akinakili takwimu.

Alipofika kwa Mwinjilisti, jua lilikuwa limeshagusa mawe. Geti lilikuwa wazi.

Yustina alikuwa mkekani nyuma ya mlango, amelala. Saa ya Jumatano ilipofika alikuwa ameufungua ule waya mwenyewe, ili mwalimu asigonge na kungoja kwenye upepo, kisha akajiegesha kidogo kumsubiri. Mwili wake ulikuwa umeshazoea kwamba Jumatano ni siku ya kulala. Kiti cha mzee kilikuwa kitupu.

Watu wa Unyambwa walitoka wote. Waliokuwa wamekosa alasiri moja ya kukaa na Mwinjilisti walipata usiku mzima wa kumtafuta, na hakuna aliyetegea. Waliingia kwenye mashamba ya uwele, wakazunguka mawe, wakaita hadi sauti zikakauka. Msikitini walitangaza kwenye kipaza sauti, na vijana wa Kiislamu wakaja na tochi na pikipiki. Loyce alitembea pamoja na Belinda, na Belinda aliita kwa Kinyiramba, akisema mgonjwa amepatikana, baba, rudi. Upepo uliyabeba maneno yale kwenda mahali ambapo hakuna aliyeyasikia.

Wafugaji waliokuwa wanapeleka ng'ombe majini ndio waliompata, asubuhi ya pili yake, ndani ya korongo kando ya njia ya zamani inayoelekea Iramba. Alikuwa hai. Miguu yake ilikuwa imechanikachanika, na nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali walisema kwa umri wake na hali yake, kumpasua ni kumwua. Wakampa dawa za maumivu na kumruhusu arudi nyumbani.

Loyce alikwenda kwa Yustina akiwa ameandaa maneno njia nzima. "Mama, mimi ndiye niliyesema nitakuja," alianza.

"Na mimi ndiye mkewe," alijibu Yustina. "Ningekuwa macho."

Wakatazamana, na hakuna aliyeweza kumwondolea mwenzake lawama. Ndani, Hezekia aliita. Yustina akaenda.

Sasa mzee hakuwa tena mtu wa kulindwa getini. Alilala chali, akatazama mabati, na jua lilipoinama alijaribu kuinuka, na maumivu yakamrudisha chini, na baada ya muda mfupi alisahau maumivu na kujaribu tena. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama. Loyce alikuja Jumatano, akaja na siku nyingine, akiiba nusu saa hapa na robo saa pale. Nyumbani watoto walianza kupika wenyewe. Darasani alijikuta ameshika chaki na kusahau alichotaka kuandika. Watu walimsifu kanisani kwa huduma yake, na kila sifa aliisikia kama inamhusu mtu mwingine.

Alimwomba Belinda amfundishe kusema jambo moja kwa Kinyiramba: kwamba mgonjwa amepona. Alilirudia njiani kama mtoto aliyetumwa dukani. Alijua ni uongo. Alimwomba Mungu msamaha mapema.

Siku hiyo mzee alipoanza kuhangaika, Loyce aliinama karibu na sikio lake akasema yale maneno. Hezekia akatulia. Aligeuza kichwa na kumtazama kwa makini, kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wa kipaimara walipotoa jibu la kukariri. Kisha akamwuliza swali.

Loyce hakuelewa. Alimgeukia Belinda, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Anakuuliza," alisema Belinda, "umekwenda kumwona?"

Loyce alifikiria aseme ndiyo. Lilikuwa neno moja tu, na angeweza kulisema hata kwa kutikisa kichwa. Hakuweza. Mzee alingoja jibu, na lilipokosa kuja, alishika ukingo wa kitanda na kuanza tena kujiinua.

Siku nyingine alimjibu ndiyo. Mara moja au mbili ilisaidia, akalala. Mara nyingine haikusaidia kitu.

Mvua za kwanza zilipokaribia, mtoto wao wa kiume, Elisha, alikuja kutoka Mwanza. Alikaa siku chache, akaona, akaenda nje nyuma ya nyumba akalia peke yake. Kisha akaamua wazazi wahamie Kiomboi kwa shangazi yake, dada mdogo wa Hezekia, ambako kuna ndugu wengi wa kupokezana na hospitali iko karibu. Hakuna aliyepinga. Jumuiya ilikuja asubuhi kuwaaga, wakaimba, mchungaji akasali. Mzee alipandishwa garini juu ya godoro. Alipoona gari linaondoka, uso wake ulitulia kabisa, akafumba macho kama mtu ambaye hatimaye yuko njiani. Yustina aliuona uso ule, naye akamtazama Loyce kupitia dirishani, na wote wawili walijua anadhani anapelekwa wapi.

Jumatano iliyofuata Loyce alimaliza kazi mapema na hakujua aende wapi. Alikwenda kwa Maria. Jumatano ya pili pia alikwenda. Ya tatu kulikuwa na kikao cha wazazi.

Yustina alipiga simu siku moja asubuhi, wakati wa kipindi cha pili. Loyce alitoka nje ya darasa, akasimama ukutani mahali palipokuwa na mtandao.

"Shikamoo mama. Mmeamkaje?"

"Marahaba mwalimu. Tumeamka, tunamshukuru Mungu."

"Baba anaendeleaje?"

"Bado anaomba aende. Jua likiinama. Huku, mwalimu, kila mtu anamwelewa. Shangazi anamwelewa, wajukuu wanamwelewa, hata jirani akipita dirishani anaelewa. Mara ya kwanza waliposikia walilia wote. Sasa wanamjibu, 'Kesho, babu.' Nilidhani akipata watu wa lugha yake itakuwa afadhali." Akavuta pumzi. "Wanamwelewa wote, na hakuna wa kumsaidia."

Ndani ya darasa kelele zilikuwa zimeanza kupanda. Gervas alitokeza kichwa ofisini, akamwona Loyce, akatazama darasa.

"Wewe unalala, mama?" aliuliza Loyce.

"Nalala. Wananipokea zamu. Nikilala namwota yuko korongoni." Kisha, kama aliyekumbuka kitu, sauti yake ikabadilika. "Basi, nisikucheleweshe. Najua una kazi."

"Sina kazi, mama," alisema Loyce. "Ongea tu."

Na Yustina akaongea. Hakuwa na jambo jipya. Alisema juu ya uji anaokunywa mzee na anaoutema, juu ya vidonda vya mgongoni vinavyoanza upande wa kushoto, juu ya mvua ya Kiomboi, juu ya koti ambalo hataki livuliwe hata kwenye joto. Loyce aliitikia tu, akiwa ameegemea ukuta, jicho lake likiwa kwa Gervas aliyekuwa sasa anavuka uwanja kuja upande wake, mpaka simu ikakatika yenyewe.